Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kasoro za Kiwandani na Kasoro za Mtaani

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wakusanyaji wa sarafu,

Hesabu za fedha atawasomea mhazini, na mahudhurio yamo kwenye daftari la katibu. Mimi nitajikita kwenye meza ya ukaguzi wa sarafu zenye kasoro, maana ndiyo iliyotupa kazi mwaka huu.

Sarafu nyingi mlizozileta mkisema zina kasoro zilitoka kiwandani zikiwa nzima. Zimeharibikia huku kwetu: zimekanyagwa na magari, zimeungua jalalani, zimepigwa nyundo na mafundi waliokuwa wakitafuta washa za bolti. Sisi tunatafuta kosa la mtambo, si ajali ya barabarani.

Mabishano makubwa yalikuwa juu ya mia, ile yenye Mwalimu upande mmoja na swala upande wa pili. Mia hizi ni chuma kilichopakwa shaba ya manjano. Zililetwa zilizo nyeupe kabisa, na kila mwenye nayo akaapa kuwa yake iliruka hatua ya kupakwa. Hilo linawezekana: kipande cha chuma kikipenya bila kupakwa kikagongwa muhuri, sarafu hutoka nyeupe. Lakini tindikali na moto navyo huivua shaba. Tazameni kwa lenzi. Iliyovuliwa huwa na vishimo vidogo usoni, herufi zimelika kingo, na mara nyingi mabaki ya manjano yamejificha kwenye pembe za maandishi. Isiyopakwa tangu mwanzo ina mistari mikali na uso laini, isipokuwa kutu ikiwa imeshaiwahi. Baada ya kupima hivyo, zilizobaki mezani zilikuwa chache sana, na baadhi ya wanachama waliondoka wamenuna. Waliniambia mwenyekiti anabana. Nitaendelea kubana.

Sarafu zilizomegwa ubavuni zina kipimo chake. Kipande hukatwa kutoka kwenye bamba la madini; bamba lisiposogea vya kutosha, kikatio huingia kwenye tundu lililotangulia, na kipande hutoka na pengo la mviringo. Kipande hicho kinapopitishwa kwenye mashine ya kuinua ukingo, upande unaolikabili pengo mara nyingi haubanwi sawasawa. Kwa hiyo msiangalie pengo tu, angalieni ng'ambo yake: ukingo wa huko ukiwa imara na umekamilika, basi yaelekea kuna mtu ameshika tupa.

Tumeletewa pia jero kadhaa za mwaka 2014, za Karume na nyati, kwa madai kwamba zina maandishi yanayotokea na kupotea. Hiyo ni alama ya usalama. Ukiigeuzageuza sarafu kwenye mwanga unaona 500, kisha BOT, yaani Benki Kuu ya Tanzania. Kila jero iliyo katika hali nzuri inayo.

Kwa upande wa furaha, mwanachama wetu anayeishi Uingereza ametuonyesha peni 20 isiyo na mwaka. Mwaka 2008 Waingereza walibadilisha michoro ya sarafu zao, na katika peni 20 mwaka ukahamishwa kutoka upande wa nyuma kwenda upande wa Malkia. Mtu akafunga mtamboni muhuri wa zamani wa kugongea upande wa Malkia pamoja na muhuri mpya wa nyuma, mwaka ukakosekana kote kuwili, na sarafu zikaingia madukani. Hilo ndilo kosa la mtambo kwa maana yake halisi, na halighushiki kwa nyundo wala tupa.

Wazee wetu nao wametukumbusha senti 10 zenye tundu. Za mwaka 1936 zipo zenye jina la Edward VIII, mfalme aliyejiuzulu kabla hajavikwa taji. Hazina kasoro yoyote, lakini ni sarafu za ajabu: kwao Uingereza za kwake hazikuingia sokoni, huku Afrika Mashariki tukazitumia. Kagueni makopo ya bibi zenu, kwa adabu.

Jumbe za simu zinazodai kwamba sarafu ya Mwalimu inanunuliwa kwa mamilioni zimetusumbua tena. Anayekudai ada ya usajili ndipo akununulie sarafu ni tapeli, hata akikutumia picha ya jengo la benki. Chama hakina mnunuzi wa siri, na hakikutuma ujumbe wowote wa namna hiyo.

Jambo jingine ni usafi. Acheni ndimu, majivu na dawa ya meno. Sarafu iliyosuguliwa ikang'aa hatuwezi kuithibitisha, kwa sababu alama tulizokuwa tuzisome mmeziondoa wenyewe.

Kamati inaomba mkutano uridhie ununuzi wa mizani ya sonara, kwani ile ya jikoni tuliyoazima haipimi sehemu za gramu. Wanaotaka kugombea uongozi wachukue fomu kwa katibu kabla ya ajenda ya uchaguzi. Nafasi ya mwenyekiti iko wazi, nami nitagombea tena.

Mwenyekiti