Taarifa ya mwaka ya Mwenyekiti: jina la mvinyo wetu wa mabibo

Ndugu wanachama, Assalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo.

Mapato na matumizi atawasomea mhazini, na vitabu viko mezani. Vikao vimefanyika kama katiba inavyotaka. Mimi naomba nizungumzie jina litakalobandikwa kwenye chupa zetu, kwani ndilo lililoishughulisha kamati mwaka huu wote.

Wenzetu wa Goa, India, waliletewa mkorosho na Wareno kama sisi. Mwaka 2009 pombe yao ya mabibo, feni, ilisajiliwa kuwa kiashiria cha kijiografia, na jina hilo sasa linalindwa kisheria kuwa la Goa. Mabibo yetu sisi mengi bado yanaozea chini ya mikorosho tukishanyofoa korosho. Inaniuma.

Rasimu ya masharti ya kutumia jina letu mnayo mikononi. Bibo likamuliwe siku lilipodondoka, maana halingoji kesho. Lioshwe vizuri, kwa sababu salfa tunayopulizia dhidi ya ubwiriunga haina kazi ndani ya pipa. Mabibo makavu hayatapokelewa. Ukakasi utolewe kwa uji wa muhogo, juisi ichujwe, ndipo ichachushwe. Na nipa, yaani gongo la mabibo, isihusishwe nasi kabisa: sheria ya kudhibiti gongo ipo tangu 1966, na chupa moja tu ya nipa ikikutwa na nembo yetu, jina zima limechafuka. Wanachama wasiogusa kileo wataendelea na juisi, na masharti ya usafi ni yaleyale.

Kilichotugawa ni mipaka. Wapo wanaotaka jina liwe la uwanda wa Makonde pekee, yaani Newala, Tandahimba na majirani. Wa Masasi wanauliza kwa nini waachwe, na ndugu zetu wa Nachingwea na Ruangwa, mkoa wa Lindi, nao wanauliza hivyohivyo. Ureno kuanzia mwaka 1756 walichora mipaka ya mvinyo wa bonde la Douro na kusimika nguzo za mawe, kila mkulima akajua yuko ndani au nje. Nasi tutalazimika kufika huko, ila mpaka wa mkoa ni wa kiutawala, hausemi lolote kuhusu bibo. Napendekeza msimu huu tukamue mabibo ya kila upande kwa utaratibu mmoja, tuonje kwa pamoja, ndipo tuchore.

Kuhusu kiasi cha mabibo kitakachotoka ndani ya mipaka hiyo sina shaka. Ulaya mvinyo wenye jina la mahali una madaraja mawili: katika la juu zabibu zote hutoka eneo lililotajwa, katika la pili angalau asilimia 85. Sisi tuchukue la juu. Tukiruhusu hata kidogo kutoka nje, mchuuzi mwenye lori atatuingilia kupitia tundu hilo.

Zanzibar sheria yao ya mali za viwandani ya 2008 inataja viashiria vya kijiografia. Kwetu Bara mlango ulio wazi ni alama ya biashara kupitia BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni. Alama ni mali ya aliyeisajili, kwa hiyo isajiliwe kwa jina la chama. Asijitokeze mtu kuisajili kwa jina lake, hata awe mimi.

Isomeni rasimu na majirani zenu; anayehitaji kusomewa, katibu yupo. Kura tupige kabla mabibo hayajaanza kudondoka.

Naomba kuwasilisha.