Kabla hatujawasha mashine ya kupasulia mbao

Wapendwa, habari za jioni. Mbao za juzi zimetoka na mawimbi, nene huku nyembamba kule. Msikimbilie kulaumu injini. Mara nyingi ni bledi, ule mkanda wa msumeno wenye meno, imekuwa butu au imelegea. Ukiilazimisha inapanda na kushuka ndani ya gogo. Ibadilisheni mapema ikanolewe, msingoje ipasuke.

Adui mkubwa ni mchanga kwenye magome. Gogo lililoburutwa chini limenywe magome upande ule bledi inapoingilia. Upande inapotokea si hatari sana, maana pale meno yanautupa uchafu nje. Miti iliyokuwa karibu na uzio ikaguliwe misumari.

Utomvu ukiganda kwenye bledi, tieni sabuni kidogo kwenye maji ya kupoozea. Mkimaliza kazi legezeni bledi, ikilala imekazwa inachoka bure.

Kubadilisha bledi ni glovu mkononi na waya wa plagi ya injini umechomolewa. Hili sijadili na mtu. Chujio la hewa mnalijua, likung'utwe.

Nani ana bledi zilizonolewa? Aandike hapa kabla ya kesho jioni.