Kwa mdogo wangu: chakula anachobeba binti yako shuleni

Mdogo wangu,

Tangu matanga ya Mama yaishe hupokei simu zangu. Ujumbe unausoma, nauona umesomwa, kisha kimya. Shangazi ameniambia unalalamika kwamba nilikuaibisha mbele ya waombolezaji nilipomtoa binti yako soda mkononi. Basi nakuandikia hapa, kwa kuwa najua utasoma, na kwa kuwa kina mama wa hapa Nakuru huniuliza jambo hilohilo kila mara wakija kuchukua watoto shuleni ninakopika.

Pole kwanza. Mama alikuwa wako zaidi miaka hii ya mwisho. Wewe ndiye uliyempeleka kliniki, ukanunua dawa, ukakesha naye. Hilo nitalisema popote.

Lakini ile asubuhi jikoni kwako imenikaa rohoni.

Mama aliamka kungali giza. Omena, wale dagaa wa ziwani, alikuwa amezinunua mwenyewe soko la Kibuye, akazichambua kwenye ungo, akaziosha kwa maji moto, akazikaanga mpaka zikakauka, ndipo akatia kitunguu, nyanya na ndimu ya kukata harufu. Ugali akaukata vipande vidogo vya kutosha mkono wa mtoto. Pembeni akaweka papai. Ukatoka chumbani umeshavaa ya kazini, ukafunua lile kopo, ukakunja uso. "Mama, unataka wenzake wamcheke? Hii itanuka gari zima." Ukamwaga vyote kwenye pipa, ukapangusa kopo kwa tishu, ukatia mkate wa siagi, krispi na juisi ya pakiti. Dereva wa shule alikuwa anapiga honi. Mama alibaki amesimama na kifuniko mkononi. Alisema tu, "Haya, mwanangu, mpe hicho." Na binti yako alikuwa hapo mezani anafunga kamba za viatu. Aliona kila kitu.

Jioni nilipokuuliza, ulinijibu: "Sisi tulikula vile kwa umaskini. Wangu hatakula umaskini."

Ni nani aliyekuambia kile kilikuwa chakula cha umaskini? Mwalimu mkuu wetu alikula omena. Yule daktari wa ng'ambo ya barabara, unamjua, alikuwa akituma watu ufuoni kumtafutia. Na maziwa ya Nyayo, yale ya bure shuleni, je? Mpango ule ulianza 1979, na tulipofika shule sote tulipanga foleni, mtoto wa mwenye duka na mtoto wa mvuvi, tukinyonya pakiti zilezile. Hatukumwona yeyote akiona haya.

Mtoto hazaliwi akidharau omena. Huitazama sura ya mama yake kopo linapofunguliwa, akajifunza hapo. Hilo ndilo ninalokulaumu, wala si mkate. Mkate ungeliwa ukaisha, lakini ile sura yako amekwenda nayo darasani.

Omena huliwa nzima, na mifupa yake, ndiyo maana ina kalsiamu nyingi inayojenga mifupa na meno ya mtoto anayekua. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa, na wewe uko karibu na Kabondo kunakosifika kwa viazi, vina vitamini A. Chemsha usiku, asubuhi ni kuweka tu. Ongeza yai la kuchemsha, njugu, ndizi au chungwa. Kunde zipike zikauke, uzikunje ndani ya chapati. Mchuzi usimwekee, joto la Kisumu litauchachua kabla ya saa sita. Chai pia usimfungie pamoja na mboga, maana huuzuia mwili kunyonya madini ya chuma. Chungwa ndilo linalosaidia.

Utasema mtoto atakataa kula. Huku jikoni kwetu shuleni kulikuwa na kijana wa gredi ya pili aliyekuwa akitoa karoti kwenye githeri moja moja na kuzipanga ukingoni mwa sahani kama askari wa gwaride. Sikumgombeza, wala sikumwahidi peremende. Nilimwita aje aoshe karoti pamoja nami, achague zipi zikatwe duara na zipi ndefu. Siku ya kwanza alionja akatema. Nikaendelea kumwekea kidogo kidogo, bila maneno. Watoto wengi huhitaji kuonja chakula kigeni hata mara 10 au zaidi kabla hakijawaingia, na wazazi wengi huchoka mapema, wakasema mtoto hapendi. Sasa huja na sahani akiomba aongezwe. Kwako pia mpe kuchagua: yai au njugu? Ndizi au papai? Akichagua mwenyewe atakula, na akiulizwa na wenzake atajibu kwa kujiamini.

Sasa hiyo soda. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu anayopata mtu kwa siku, na ikiwezekana ishuke chini ya 5. Kwa mtoto wa umri wake hiyo 5 ni kama gramu 20. Chupa moja ya mililita 300 mara nyingi hubeba gramu 30 hivi, na ile ilikuwa ya pili, asubuhi, bila kitu tumboni. Unasema nilimnyang'anya. Niliinama, nikamwambia, "Mama mdogo, hebu kwanza uji wa Dani," yaani wa bibi yake, naye akanipa chupa mwenyewe. Aliyepaza sauti ni wewe. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha uji wa wimbi, na ningefanya vilevile kesho, mbele ya watu walewale, kwa sababu siku ile hapakuwa na mwingine wa kumpa uji ambao Mama angempa.

Uliniuliza kama nadhani wewe ni mama mbaya. Sidhani hivyo hata kidogo. Najua unaamka saa kumi, najua bosi wako, najua karo. Lakini usiniambie huna muda wa viazi na una muda wa kupitia dukani kununua krispi.

Likizo ya Agosti nitumie huyo mtoto. Namtaka jikoni kwangu achambue mboga za managu, achafue mikono. Nauli nitaituma kwa M-Pesa, na ukitaka kuja naye uyatoe yote yaliyo moyoni, uniambie usoni, kitanda kipo.

Dada yako