Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mwaka wa Bedford

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama, na vijana mliojiunga nasi mwaka huu, nawasalimu nyote.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na majina ya wanachama wapya anayo katibu, kwa hiyo sitagusa ya kwao. Land Rover 109 ya mwenzetu wa Nakuru imepita ukaguzi na iko barabarani. Tunampongeza kwa dhati. Taarifa yangu nitaielekeza mahali ambapo chama chetu cha wapenda magari ya zamani kilitumia Jumamosi zake nyingi: uani kwa mwenzetu wa Kitengela, kwenye lori lake la Bedford MK lililokuwa la jeshi na ambalo sasa linageuzwa kuwa gari la safari ndefu. Lori hilo limetufundisha mengi, na mapendekezo nitakayowaomba myapigie kura yametoka huko.

Kwa wasiolifahamu, Bedford MK lilianza kuuzwa 1970 na lilitengenezwa Dunstable, Uingereza. Injini yake ina silinda 6 na ujazo wa lita 5.4, ile ambayo mafundi wa zamani huiita 330 kwa hesabu ya inchi za ujazo. Giaboksi ina gia 4, na nyuma yake kuna giaboksi ya pili inayopeleka nguvu mbele na nyuma, yenye gia nzito na nyepesi. Umeme ni volti 24, matairi ni 12.00x20. Likiwa tupu lina uzito wa tani 5 hivi, na juu yake lilikadiriwa kubeba tani 4 nje ya barabara. Si gari la mbio: linapita kilomita 70 kwa saa kidogo tu, basi. Jeshi la Uingereza liliyatumia malori haya kwa maelfu, na watu wa Nanyuki waliyazoea kuyaona yakipita na askari wa mazoezi.

Kiwanda cha Dunstable kiliuzwa na General Motors 1987, kikaendelea kwa jina la AWD, na kufikia 1992 kampuni hiyo nayo ikafilisika. Hapa kwetu hairuhusiwi kuingiza gari lililozidi miaka 8. Maana yake ni kwamba malori yaliyomo nchini ndiyo hayo hayo. Likikatwa moja kuwa chuma chakavu, hakuna jingine litakalochukua nafasi yake. Ndiyo sababu kazi hii naiona kuwa ya chama kizima, ingawa lori ni la mtu mmoja na limeegeshwa kwake.

Kabla sijafika kwenye spana, neno kuhusu karatasi. Mali ya serikali huuzwa kwa mnada au kwa zabuni, chini ya sheria ya ununuzi na uuzaji wa mali ya umma ya 2015, na mnunuzi hutoka na hati. Mwenzetu wa Kitengela alikuwa nazo zote, na namba iliyo kwenye hati ilisomeka wazi kwenye chasi. Mwanachama mwingine hakuwa na bahati hiyo. Alitoa pesa za mwanzo kwa lori ambalo namba yake ya chasi ilikuwa imesagwa kwa grainda, na pesa hizo hajaziona tena. Nawasihi: piga magoti, ingiza kichwa chini ya lori, futa matope, usome namba kwa macho yako kabla mkono haujaingia mfukoni.

Kazi ilianza kwa mabishano. Mwenye lori alitaka kuanza na injini, apate kuisikia ikinguruma baada ya miaka ya kulala. Kamati ya ufundi ilimwomba aanze na breki, na naishukuru kamati kwa kushikilia msimamo huo. Injini ikiwaka, lazima mtu atataka kulisogeza lori hatua mbili, na tani 5 zisizo na breki katika ua wenye watoto ni hatari ambayo hatuna haki ya kuileta kwa familia ya mtu.

Breki za MK ni za mafuta zinazosaidiwa na hewa. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu, na lori likikaa miaka bila kuguswa, maji hayo huanza kula mabomba kutoka ndani. Kwa nje bomba linaonekana zima na limepakwa rangi. Ndani limebaki gamba. Tulipoyakata tuliona kutu tupu, na pistoni za silinda za magurudumu zilikuwa zimekwama kabisa. Mabomba yote yalitolewa. Tuliyoyaweka ni ya kopa, yaani shaba, iliyochanganywa na nikeli, kwa sababu kopa tupu huwa ngumu kwa mitikisiko na mwisho hupasuka. Mipira yote ya silinda ilibadilishwa, hata ile iliyoonekana nzuri. Matangi ya hewa yana kizibo chini cha kutolea maji. Kila mwenye lori la aina hii na akifungue kila jioni baada ya safari.

Kuhusu vumbi la breki nitasema kwa ukali kidogo, mniwie radhi. Laini za breki, yaani vibandiko vinavyosugua ngoma, za magari ya zama hizo zilitengenezwa kwa asbestosi, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Huleta saratani baada ya miaka mingi. Niliona kijana akiinua hosi ya kompresa apulize ngoma ya breki, nikamzuia. Vumbi hilo lilowesheni kwanza, lifutwe kwa kitambaa, kitambaa kitiwe ndani ya mfuko wa plastiki na mfuko ufungwe. Rangi ya zamani ya kijeshi pia msiikwangue kavu, kwa kuwa nyingi ya rangi hizo zina risasi. Msasa wa maji na barakoa havina gharama ya kumshinda mtu aliyenunua lori.

Sasa chasi, na hapa nawaomba uvumilivu, maana magari mengi mazuri yanaharibikia hapa.

Chasi ya Bedford ni reli mbili zilizounganishwa na vyuma vya kukingama, na iliundwa ili ijipinde. Gurudumu la mbele kushoto likipanda jiwe na la nyuma kulia likizama shimoni, reli hazibaki sambamba. Hujisokota, na msokoto huo ndio unaoyaacha magurudumu yote 4 yakishika ardhi, kwa kuwa springi za bapa za lori la mzigo ni ngumu na peke yake haziwezi kufanya kazi hiyo. Bodi ya awali ya jeshi ilivumilia. Lakini mwenzetu anataka kujenga juu yake chumba cha kulala chenye jiko na madirisha, na chumba hakijipindi. Ukikifunga kwa boliti pembe zote 4, umevitia chumba na chasi katika mvutano usioisha. Kimojawapo kitashindwa: ama kuta zitapasuka kwenye pembe za madirisha, ama reli itapata ufa nyuma ya kabini, pale chumba kinapoanzia.

Fundi wetu wa Kariobangi amejenga bodi nyingi za matatu, na mkono wake wa kuchomelea sijaona unaoushinda. Yeye alishauri tuchomelee moja kwa moja kwenye reli kama anavyofanya siku zote. Hatukubishana naye kwa maneno. Tulipandisha gurudumu moja la mbele juu ya magogo, na la nyuma la upande wa pili vilevile, kisha tukampa futi apime nafasi kati ya ubao ulionyooka na reli. Alipima pembe moja, akaenda ya pili, akarudi ya kwanza. Kisha akasema mwenyewe kwamba kazi hii haitaki kuchomelewa. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayewaeleza wengine.

Mpango tulioufuata ni wa mihimili 4, yaani viungo vinavyogeuka, iliyopangwa kwa umbo la almasi. Mmoja uko mbele katikati, mmoja nyuma katikati, na miwili iko pembeni, katikati ya urefu wa chasi. Wa mbele na wa nyuma hugeuka kulia na kushoto, ya pembeni hugeuka mbele na nyuma. Chumba kimekaa juu ya fremu yake ngumu, na chasi chini yake inajisokota ipendavyo. Mwenye lori alitaka pia mlango wa kupita kutoka kabini hadi chumbani. Inawezekana, ila njia hiyo lazima iwe ya mpira wenye mikunjo, maana kabini na chumba havitakwenda pamoja kamwe.

Matundu yote ya boliti yalitobolewa kwenye ubavu wa reli. Ukingo wa juu na wa chini haukuguswa, kwa drili wala kwa moto, kwa sababu kingo hizo ndizo zinazobeba nguvu kubwa zaidi reli inapoelemewa. Tundu dogo ukingoni ndiko ufa unakoanzia. Mkiona lori lolote la mwanachama lina tundu jipya ukingoni, mwiteni kando mmwambie kwa upole, na mwambieni siku hiyo hiyo.

Injini ilitugawa. Upande mmoja ulitaka 330 itolewe, iingie Isuzu 6BD1 ya lita 5.8. Hoja yao ina uzito: spea za Isuzu zimejaa Kirinyaga Road, Nairobi, na kiwanda kilichoanzishwa 1975 kama General Motors Kenya ndicho hicho kinachoitwa Isuzu East Africa tangu 2017, kwa hiyo hata fundi wa kijijini anaifahamu injini hiyo. Upande wa pili ulikumbusha kwamba giaboksi na difu zilikadiriwa kwa nguvu ya injini ya awali, kwamba klachi, viegemeo na rejeta vyote vitabidi vitengenezwe upya, na kwamba injini mpya ni lazima iandikishwe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ili ionekane kwenye logbuku. Mimi niko upande wa pili. Lori lisilozidi kilomita 80 kwa saa halihitaji nguvu ya kulipeleka 100, kwa sababu breki na usukani wake havikuundwa kwa mwendo huo. Mwishowe tulikubaliana kuifungua ya zamani na kuipima kabla ya kuamua. Krankshafti ilikuwa nzima. Ringi za pistoni na gasketi zimebadilishwa, pampu ya dizeli imepelekwa kupimwa na kurekebishwa, na injini imewaka. Moshi mweusi ulikuwepo siku ya kwanza, ukapungua.

Umeme haukutusumbua sana. Nitaje moja tu: msichukue volti 12 za redio au simu kutoka betri moja kati ya zile mbili. Betri hiyo itachoka kabla ya mwenzake, na mwishowe zote zitakufa. Kifaa cha kushusha volti 24 hadi 12 kinapatikana madukani.

Matairi yanahitaji zaidi. Wengi wetu tunayatamani yale makubwa ya 14.00x20 kwa jinsi yanavyopendeza. Kipenyo chake kinazidi cha 12.00 kwa takriban sehemu 1 ya 9, kwa hiyo saa ya mwendo ikisoma 70 wewe uko karibu na 78, gia ya kwanza inakuwa nyepesi kupita inavyotakiwa mlimani, na usukani unakuwa mzito. Mwenzetu amebaki na 12.00, nami nimefurahi. Kumbukeni pia kwamba lori hili halina difu ya katikati, ile inayoruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa mwendo tofauti. Mkiingiza gia ya kuendesha magurudumu ya mbele kwenye lami kavu, mashafti yatakazana hadi kitu kivunjike. Gia hiyo ni ya matope, mchanga na changarawe.

Rimu za vipande, zenye ringi ya kufungia, zimeua watu. Ringi ambayo haijakaa vizuri, au iliyoliwa na kutu, huruka tairi likijazwa upepo, na hakuna mwili wa binadamu unaoizuia. Kwa sasa wanachama hujazia matairi yao popote wanapopata kompresa, wengine wakiwa wamesimama mbele ya gurudumu. Sitaki kuandika taarifa ya mwakani nikianza na rambirambi.

Kwa hiyo kamati inaleta mapendekezo yafuatayo. Chama kinunue kizimba cha chuma cha kujazia matairi pamoja na hosi ndefu yenye kipimo, kikae Kitengela, na mwanachama yeyote akitumie bila malipo. Pia kinunue stendi nzito za kuegemeza malori, ili matofali na magogo yasitumike tena mtu akiwa chini ya gari. Siku za kazi za pamoja zitolewe tu kwa gari ambalo breki zake zimekaguliwa na kamati ya ufundi, au ambalo kazi ya kwanza ni breki. Na kila gari linalofunguliwa liwe na daftari na picha: boliti ipi imetoka wapi, nini kimebadilishwa na lini. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mafundi wanaozijua Bedford kwa mikono yao ni wazee sasa. Mzee wetu aliyezifanyia kazi tangu ujana wake amekubali kukaa na vijana wawili na kuwafundisha kurekebisha valvu na breki. Vijana hao wachaguliwe leo, na nauli yao ilipwe na chama.

Rangi ya lori itakuwa ya mchanga. Mwenye lori alipenda kubakiza kijani cha jeshi, lakini tulikubaliana kwamba raia hapaswi kudhaniwa askari barabarani. Rangi hiyo na umbo jipya la bodi vitaandikishwa pia.

Chumba kikikamilika, safari ya kwanza inapendekezwa kwenda Marsabit, kisha Kalacha na ukingo wa jangwa la Chalbi, wakati wa kiangazi pekee, kwa kuwa mvua ikinyesha Chalbi hugeuka tope lisilopitika. Asiye na gari atapata nafasi kwenye gari la mwenzake. Majina yaandikishwe kwa katibu kabla ya kikao kufungwa, pamoja na fomu za wanaogombea nafasi za kamati ya ufundi.

Wenu,
Mwenyekiti