Kujaza mafuta Jumanne si ujanja, Mhariri

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nimelisoma tangu nikiwa kondakta na sijawahi kuwaandikia. Nilidhani nitakufa bila kuwaandikia, mpaka mlipotoa ile habari ya madereva wanaovizia bei ya mafuta, wakijaza Jumanne kabla haijapanda Jumatano. Mnaikumbuka. Mwandishi wenu alikwenda sheli usiku wa kuamkia Jumatano ya kwanza ya mwezi, akawapiga picha bodaboda na sisi wenye vigari tukiwa kwenye foleni, kisha akamtafuta mwenye kituo akamwuliza anajisikiaje. Mwenye kituo akasema tunatumia mwanya, tunamtia hasara na si uungwana. Yeye mkampa nusu ukurasa. Sisi mkatupa picha, tena ya mgongoni.

Mwanya upi? Bei kikomo mpya ya EWURA, yaani ile ambayo mamlaka hiyo ya kudhibiti nishati na maji hairuhusu kituo kuizidi, huanza Jumatano ya kwanza ya mwezi, saa 6:01 usiku. Si siri ya mtu. Kiasi chenyewe hatukijui mpaka kitangazwe, lakini mwelekeo mwenye redio anaukisia: mafuta yakipanda kwenye soko la dunia, baada ya muda yaliyoshushwa Dar, Tanga na Mtwara nayo yatapanda. Nami nikishasikia hivyo najaza tenki la Kirikuu yangu, kigari cha mizigo, lisilozidi ndoo mbili za lita ishirini, kwa bei halali ya siku hiyo, iliyoandikwa kwenye bango lake mwenyewe. Dereva wa lori anayejaza Dar kabla ya kupandisha Kagera, kwa sababu anajua huko bei kikomo iko juu zaidi, mnamwita mtu anayejua hesabu. Mimi nikifanya hesabu hiyo hiyo kwa kalenda badala ya ramani, nimekuwa mvizia.

Na lile dumu mliloliweka kwenye picha si langu. Anayejaza madumu aende kuyauza uchochoroni kesho yake huyo simtetei, na sisi wa Morogoro hatuhitaji kuhubiriwa habari za petroli kwenye madumu. Agosti 2019, pale Msamvu, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukawakuta. Walikufa zaidi ya 100. Tumezika majirani. Kwa hiyo msituchanganye. Kuna mtu anayejaza tenki la gari atakaloliendesha kesho asubuhi, na kuna mfanyabiashara wa magendo.

Sasa niwasimulie Jumanne yangu, ambayo mwandishi wenu hakuiona kwa sababu nadhani saa tatu usiku alikuwa ameshalala. Nilikuwa nimeshusha kabichi na karoti za Mgeta, tenki limebaki harufu, na alfajiri nilitakiwa kupanda tena milimani. Nikaingia kituo kimoja cha barabara kuu, sitakitaja. Kijana wa pampu akanisalimia vizuri, "Shikamoo mzee," nikamjibu, akasema mafuta yamekwisha, tunasubiri gari. Bango linaonyesha bei ya zamani, taa za pampu zimezimwa. Sikuwa na mafuta ya kunifikisha sheli nyingine, nikaegesha pembeni. Nikiwa hapo hapo ikaja gari ndogo safi, ikazunguka nyuma, pampu ikawashwa, ikajazwa, pampu ikazimwa. Nikauliza. Nikaambiwa yale ni ya akiba, ya ambulensi. Mhariri, mimi magari ya wagonjwa nayajua, hayana vioo vyeusi wala muziki wa taarabu. Nikakaa. Bodaboda wakaja wakafukuzwa, mama mmoja na bajaji yake akaja akafukuzwa. Ilipopita saa sita na dakika zake, kijana akatoka na ngazi, akabadilisha tarakimu za bango, akawasha taa, akaniita, "Mzee, mafuta yamefika." Yamefika yakitokea wapi? Hakuna lori lililoingia. Nilikuwa nimekaa getini! Mafuta yale yalikuwa chini ya miguu yetu tangu jioni, yalinunuliwa kwa bei ya jumla ya mwezi uliopita, nami nikayalipia kwa bei ya mwezi mpya kwa sababu kabichi hazisubiri. Huyo ndiye mliyempa nusu ukurasa atufundishe uungwana. Kama si yeye, basi ni ndugu yake wa biashara.

Bei ikishuka, wimbo hubadilika. Hapo utafika Jumatano asubuhi uambiwe, "Hii ni stoku ya zamani, tajiri hawezi kuuza kwa hasara." Stoku ya zamani ina bei ya zamani pale tu inapomfaa yeye. Wenye umri wangu tunakumbuka Agosti 2011, EWURA ilipoteremsha bei ya petroli kwa zaidi ya shilingi 200 kwa lita, kampuni zikagoma kuuza, nchi ikakaa kwenye foleni, Bunge likachachamaa mpaka leseni ya kampuni moja kubwa ikasimamishwa kwa miezi 3. Na mwaka 2023 kuna vituo vilivyofungiwa miezi 6 kwa kuficha mafuta. Haya yako kwenye kumbukumbu za gazeti lenu wenyewe. Mwandishi angefungua kabati tu.

Halafu risiti. Nilipomaliza kujaza niliomba risiti, kwa sababu kila tangazo la EWURA linatuambia tudai risiti, na mashine ya kutoa risiti imeunganishwa na pampu yenyewe. Kijana akasema mtandao unasumbua. Haya. Nyuma yangu likaja gari la ofisi, sitasema ofisi gani, dereva wake akajaza kidogo kisha akaomba "zile zilizobaki". Kijana akatoa mfukoni kitita cha risiti, wakachagua wote wawili kama wanaochagua nyanya, pesa ikapita mkono kwa mkono. Ni risiti za wale wanaojaza na kuondoka bila kuzichukua. Kesho yake zinapelekwa kwa mhasibu, ofisi inalipa mafuta yaliyokwenda kwenye gari la mtu mwingine, pengine kwenye Kirikuu yangu. Mtandao ulikuwa unasumbua upande wangu tu. Huo ndio mwanya, Mhariri, tena wenye mhuri na tarehe, na mlipaji wake, ofisi ikiwa ya umma, ni mimi na nyinyi. Lakini picha yake hamna.

Nisichoweza kuvumilia zaidi ni kwamba mianya ya wakubwa ikizibwa, huzibwa kwa pesa za wadogo. Mnakumbuka uchakachuaji. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo, watu wenye maghala na malori wakayachanganya kwenye dizeli wakatajirika. Mwaka 2010 vikaletwa vinasaba, kemikali inayotiwa kwenye mafuta ili yaliyochanganywa yagundulike, vizuri kabisa, lakini havikutosha. Bajeti ya 2011/12 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ikakaribiana na ya dizeli ili mchakachuaji asione faida. Nani alikuwa ananunua mafuta ya taa? Mama wa Mgeta mwenye kibatari. Mwanafunzi. Hawa hawakuwahi kumiliki hata pipa, na ndio waliolipia. Kwa hiyo nikisoma gazetini kwamba wanaojaza Jumanne wanavuruga soko, nasikia harufu ya dawa inayopikwa, na najua atakayenyweshwa.

Mwandishi wenu alimalizia kwa kushauri EWURA watafute namna ya kudhibiti ununuzi wa siku ya mwisho. Vizuri, mimi nina namna. Bei mpya isianze saa 6:01 usiku, saa ya wezi na walinzi. Ianze saa 4 asubuhi, wakaguzi wakiwa wameshakunywa chai na jua linaonyesha nani ana lori la mafuta na nani hana. Na kila kituo kiweke ubao mweusi, upana wa mita moja, chini ya bango la bei. Jumanne saa 12 jioni wapime tenki la chini kwa kile kijiti chao kirefu, waandike lita zilizomo, kwa herufi ambazo mtu aliye kwenye pikipiki anaweza kuzisoma. Jumatano kabla ya saa 4 wapime tena, waandike. Ubao ukisema lita elfu tatu jioni, halafu kijana wa pampu aseme mafuta yamekwisha, bodaboda watajua la kufanya, na simaanishi kumpiga. Namaanisha kupiga picha, wanazo simu. Risiti zisizochukuliwa zichanwe hapo hapo mbele ya mteja. Ashuhudie mwenyekiti wa mtaa. Wa kwetu hucheza bao mpaka usiku wa manane, kwa hiyo hatutamsumbua.

Tena wenye vituo wasisahau kwamba kikomo ni kikomo. Tangazo lenyewe husema wako huru kuuza chini yake. Mwenye kuona tunamkimbilia Jumanne atushushie hata shilingi 20 siku ya Alhamisi, aone kama foleni haitahamia huko.

Wakisema hawana bajeti ya ubao, hapa Morogoro mafundi seremala wapo. Chaki nitatoa mimi.

Wenu katika kujaza,
Mbeba mboga,
Morogoro