Mpeni mwalimu wa unasihi muda wa kumfuata mtoro

Mhariri,

Kila Januari, Baraza la Mitihani linapotangaza matokeo ya kidato cha nne, sisi walimu huulizwa tumepata divisheni wani ngapi na ziro ngapi. Mimi huwa nafungua daftari la mahudhurio la miaka minne nyuma, wakati darasa lile lile lilikuwa kidato cha kwanza, nikahesabu majina ambayo hayakufika kwenye chumba cha mtihani. Hao hawana divisheni, na hakuna aliyewahi kuniuliza habari zao.

Takwimu za elimu za serikali zina neno moja kwa wengi wao: utoro. Mwaka hadi mwaka utoro ndio unaoongoza katika sababu za wanafunzi kuacha sekondari, na unaziacha mbali sababu nyingine zote. Nafundisha shule ya kata katika Bonde la Kilombero, na kwa miaka sita sasa nimebeba pia kazi ya ushauri na unasihi. Naomba niseme wazi kwamba neno hilo halielezi kitu. Kuandika kwamba mtoto ameacha shule kwa sababu ya utoro ni sawa na kuandika kwamba mgonjwa amekufa kwa sababu ya kukata pumzi.

Huku kwetu utoro una majira. Mpunga ukianza kukomaa ndege wanashuka, na madawati yanaanza kubaki wazi. Watoto wameenda kuamia, yaani kuwafukuza ndege shambani. Wapo wanaotumwa na wazazi, wapo wanaojipeleka kwa sababu kuna mwenye shamba anayelipa kwa siku. Halafu kuna wa geto. Shule ni ya kutwa, vijiji viko mbali, basi mzazi anampangia mwanawe chumba karibu na shule, anamwachia mchele na dagaa, anarudi shambani. Ada ilifutwa tangu 2016, lakini kodi ya geto haijafutwa. Mtoto wa miaka 15 anaishi peke yake, anajipikia, anajipangia saa ya kulala na saa ya kuamka. Mchele ukiisha katikati ya muhula, mvulana anatafuta kibarua, msichana anatokewa na mtu wa kumsaidia. Baada ya wiki chache daftari linasema mtoro.

Mwaka juzi kijana mmoja wa kidato cha tatu alipotea hivyo hivyo. Jina lake lilikuwa tayari kwenye orodha ya kupelekwa bodi ya shule ili lifutwe. Nikamfuata Jumamosi kwa bodaboda, nauli kutoka mfukoni mwangu. Nilimkuta juu ya dungu, jukwaa la kulindia ndege, katikati ya shamba, kombeo mkononi. Mjomba aliyekuwa akimlipia chumba alikuwa amehama bila kuaga, na mwenye nyumba amefunga mlango, sare na madaftari yakiwa ndani. Deni lilikuwa shilingi 30,000. Kijana hakuwa na nguo ya kuja nayo shule, na alijua kwamba akifika getini bila sare atachapwa. Kabla hata sijakaa aliniuliza, "Mwalimu, jina langu bado lipo?"

Tulikwenda kwa mwenye nyumba pamoja na mtendaji wa kijiji, tukakubaliana deni lilipwe kidogo kidogo baada ya mavuno. Kijana akarudi. Alimaliza na divisheni foo, na leo yuko chuo cha ufundi cha VETA anasomea umeme wa majumbani. Kazi yote ile ilinichukua Jumamosi mbili.

Nasema Jumamosi kwa sababu siku za kazi sina nafasi. Nina vipindi 26 kwa wiki vya Uraia na Kiswahili, na unasihi unahesabiwa kuwa jukumu la ziada. Nawapokea wanafunzi kwenye stoo ya vifaa vya michezo, ambako mtoto akilia walio nje wanamsikia. Hata hivyo nina nafuu kuliko wenzangu kadhaa ninaowafahamu, ambao wamepewa unasihi na nidhamu kwa pamoja. Mtoto aliyechapwa na mtu asubuhi hatamwambia mtu huyo huyo mchana kwamba nyumbani hawajala tangu jana.

Kwa wasichana mambo ni magumu zaidi. Waraka wa Novemba 2021 uliowaruhusu waliojifungua kurudi shule niliupokea kwa furaha kubwa, na bado naushukuru. Lakini ruhusa haimpokei mtu mlangoni. Binti mmoja alirudi kwetu, akakaa wiki tatu, akaondoka tena. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna pia aliyepanga nani atakaa na mtoto, wala aliyezungumza na darasa kabla hajaingia. Nilikuwa kwenye vipindi. Nilipata habari ameshaondoka. Laiti ningekaa naye siku ya kwanza ningemweleza kuhusu vyuo vya maendeleo ya wananchi, ambavyo viko 54 nchini, na baadhi vina mahali pa kulelea watoto wakati mama yuko darasani.

Hata wanaobaki tunawaacha gizani. Mwisho wa kidato cha pili mtoto anaamua kama ataendelea na Fizikia na Kemia au ataziacha, na mara nyingi anaziacha kwa sababu mwalimu wa somo hayupo au rafiki yake ameziacha. Miaka miwili baadaye anakuja kuniambia anataka kuwa muuguzi. Inabidi nimwambie kwamba stashahada ya uuguzi inataka ufaulu wa Baiolojia, Kemia na Fizikia. Nimeyasema maneno hayo mara nyingi mno, na kila mara mtoto hunitazama kana kwamba mimi ndiye niliyefunga mlango. Ikifika zamu ya kujaza selform, fomu ya kuchagua masomo na vyuo vya baada ya kidato cha nne, wananakiliana. Tahasusi, yaani michepuo ya masomo ya kidato cha tano, ziliongezwa mwaka 2024 hadi 65. Ni jambo jema, ila mtoto asiye na wa kumwelewesha tofauti zake atachagua ile aliyowahi kuisikia.

Ombi langu kwa TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia shule zetu, na kwa wakuu wa shule: mwalimu wa unasihi asipewe vipindi zaidi ya 12 kwa wiki, asipewe nidhamu, na apewe chumba chenye mlango unaofungwa pamoja na nauli ya kufika vijijini. Najua jibu litakuwa kwamba walimu hawatoshi. Ni kweli hawatoshi, na vipindi nitakavyoviacha atavibeba mwenzangu ambaye naye amechoka. Lakini serikali imeshamsomesha mtoto huyu miaka saba ya msingi na miwili mitatu ya sekondari, halafu tunampoteza kwa deni la chumba.

Mpunga umeanza kukomaa tena. Wiki hii nina majina matatu ambayo hayajaitika tangu Jumatatu. Kesho ni Jumamosi na nitaenda kwa mmoja, aliye karibu. Wa pili atasubiri wiki ijayo. Wa tatu kwao ni ng'ambo ya mto, na mto umejaa.

Mwalimu wa sekondari,
Bonde la Kilombero, Morogoro