Mkituambia tujenge SDK wenyewe, semeni na bando linavyoisha

Mhariri, salamu kutoka Mwanga, Kigoma.

Ule ukurasa wenu wa teknolojia mlisema kijana akitaka programu yake iongee na klaudi (kompyuta za kukodi mtandaoni) ashushe sosi ya SDK, yaani furushi la kodi za kuunganisha programu na huduma hizo, aijenge mwenyewe, komandi tatu nne kazi imeisha. Jamani. Mimi nilichukua ile ya Amazon ya lugha ya C++, nataka kitu kimoja tu, S3, ile hifadhi yao ya mafaili, nimhifadhie mjomba picha za mizigo yake ya dagaa pale Kibirizi.

Nikashusha zipu kutoka GitHub, tovuti kodi zake zinapowekwa, ikagoma kujengeka. Kumbe zipu haiji na vile vimradi vingine ambavyo SDK inavitegemea, inabidi ukloni, yaani uinakili kwa programu ya git, na uiambie ivute na hivyo, ile --recurse-submodules. Bando la kwanza hilo, kwaheri.

Nikakompaili (kugeuza sosi iwe programu) SDK yote kama ilivyo. Huduma za Amazon ziko mamia na kila moja ina laibrari yake, laptopu yangu ramu GB 4, feni inalia kama mashine ya kusaga, usiku kucha, halafu umeme ukakata na betri yangu ilishakufa siku nyingi. Afadhali ukirudi haianzi moja, inaendelea na faili zilizobaki. Kesho yake ndo nakuja kujua kuna kuandika -DBUILD_ONLY="s3" wakati wa CMake, ile programu inayoandaa ujenzi, inajenga hiyo na inachokitegemea basi, nikaweka na make -j1, ijenge faili moja moja, ramu isijae. Sasa hili mngeliandika mstari mmoja tu mngepungukiwa nini?

Ila lililoniuma ni testi, zile programu za majaribio zinazokuja na SDK. Zile ndogo zinaishia kwenye mashine yako, hazina neno. Zile za intigresheni zinaingia kwenye akaunti yako ya kweli, zinatengeneza baketi (vyombo vya kuwekea mafaili huko S3), zinapandisha mafaili, zikimaliza zinafuta, na bili ni yako, kwa dola. Mimi neti ilikata katikati. Nafungua akaunti nakuta baketi zimejipanga zina majina siyajui, nikakaa nafuta moja moja. Hela yenyewe ilikuwa senti, lakini mwenzangu mwenye mafaili makubwa je?

Mkirudia ile mada wekeni hayo mawili, BUILD_ONLY na hizo testi za akaunti.

Mjomba kaziona picha zake jana, anauliza wiki mbili zote nilikuwa napiga picha gani.

Msomaji wenu, Kigoma